Mkono Hautajwi Kabla ya Mavuno

Kidole gumba cha Dokta Leokadia Hango kilizama mahali ambapo hakikupaswa kuzama. Alikuwa amesimama nyuma ya mdogo wake Yustina, katika chumba cha uchunguzi cha zahanati ya Kisaluu, akilipapasa bega lake la kulia. Nyuma ya bega kuna mfupa bapa uitwao kombe, na juu ya mfupa huo panapaswa kuwa na msuli ulioshiba, hasa kwa mtu anayerusha kombeo kutwa nzima. Yustina alikuwa na shimo. Ungeweza kulaza yai la kuku ndani yake na lisidondoke.

"Panauma hapa?" Leokadia aliuliza.

Yustina aligeuka akamtazama dada yake kama mtu aliyetukaniwa mama, kisha akatazama mlango kuona kama kuna aliyesikia. "Dada, uwele umeshatoa masuke," alisema taratibu.

Kwa mtu wa Kisaluu hilo lilikuwa jibu kamili. Tangu uwele utoe masuke mpaka suke la mwisho liingie ghalani, mkono wa mlinzi anayefukuza ndege shambani hautajwi. Unaweza kumsalimia "Mkono vipi?" naye atakujibu "Mkono upo," na habari itaishia hapo. Anayeongeza neno, akasema umechoka, au umevimba, au hata una nguvu, anawaita ndege. Watu wa Kisaluu walikuwa wameacha mambo mengi ya babu zao, mengine kwa hiari na mengine kwa aibu, lakini hili waliling'ang'ania, na Bodi ya Nafaka ilipokuja ikalipenda mno hata ikaliingiza katika mkataba wa kazi. Mwajiri gani asingependa wafanyakazi ambao kwao kulalamika ni mwiko?

Leokadia aliacha kuuliza, akapima kimyakimya. Alimwambia Yustina abane viwiko ubavuni na kusukuma viganja kwa nje, yeye akivizuia. Mkono wa kushoto ulimsukuma daktari mpaka akarudi nyuma. Wa kulia ulitetemeka, ukaenda nusu ya njia, ukarudi tumboni. Yustina alicheka, akasema kumbe wali wa hospitali unampa mtu nguvu. Alidhani dada yake ndiye aliyebana zaidi upande ule.

Haukuwa ugonjwa wa kawaida. Chuoni Dodoma, mwalimu wao wa mifupa aliwaonyesha picha yake mara moja tu na kuwaambia wasijisumbue kuikariri, maana daktari anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila kukutana nao. Kuna neva inayotoka shingoni kwenda kuuamrisha msuli wa nyuma ya bega, na njiani hupenya kwenye ufa mwembamba wa mfupa wa kombe. Mkono ukirushwa vibaya, tena na tena, neva husuguliwa pale kama kamba kwenye ukingo wa kisima. Ubaya wake ni kwamba kipande hicho cha neva hubeba amri tu, hakibebi habari. Msuli unakufa na mwenyewe hajui. Ukiwahi, ukamwachisha mtu kurusha, ukamfanyisha mazoezi ya kombe, na ikibidi ukampasua ili kuipanua njia ya neva, msuli hurudi. Ukichelewa, nyama hugeuka mafuta, na hapo hata ufanyeje.

Ugonjwa huo adimu Leokadia alikuwa ameuona asubuhi ile kwa kila mtu aliyevua shati mbele yake.

Yustina alipotoka, Leokadia alisimama dirishani. Shamba la Kisaluu lilienea mpaka miguuni mwa majabali, na juu ya uwele yalisimama madungu ya walinzi, kila dungu na mtu wake. Wingu la kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, lilikuwa linakuja kutoka upande wa bwawa. Makombeo yakaanza kuzunguka. Leokadia aliangalia mabega, hakuangalia makombeo. Wote, mnene kwa mwembamba, waliinua bega kwanza, wakalisimamisha kidogo, kisha mkono ukapita umechelewa, kama mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma. Madonge makavu ya udongo yalipasuka mbele ya wingu, na wingu likageuka. Ilikuwa shabaha ya ajabu. Lilikuwa pia bega la mtu mmoja, mlinzi wa zamani Mzee Mughwai, likiwa limevaliwa na watu mia nne.

Sumu ya ndege ilikuwa imepigwa marufuku tangu ilipoingia visimani. Droni nazo kwelea walizikimbia msimu mmoja; msimu wa pili walizitulia mgongoni na kujisafisha manyoya. Kilichobaki kuwatisha ni udongo uliorushwa na mkono wa binadamu, kwa sababu hawakuweza kuukadiria, na mikono ya namna hiyo ilikuwa imebaki michache kama meno ya kikongwe. Ndipo Bodi ilipochukua nakala ya mkono uliokuwa bora kuliko yote. Mafundi walimtia Mzee Mughwai waya shingoni, wakauchora mwendo mzima wa mkono wake, wakaufungia katika kitu kidogo kuliko punje ya uwele, na punje hiyo ikapandikizwa kisogoni mwa yeyote aliyeitaka kazi. Yustina alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Wiki moja baada ya kupandikizwa aliweza kumwangusha kwelea mmoja aliyemchagua kati ya elfu.

*

Ntandu, mkurugenzi wa Bodi pale Kisaluu, alimpokea Leokadia vizuri. Alimwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya maana. Kisha akamweleza kwamba kwa kanuni za Bodi, ugonjwa unaohesabiwa kuwa adimu hauwezi kuwa ugonjwa wa kazini, kwa kuwa kazi ni ya wengi na ugonjwa ni wa wachache. Leokadia akasema ni adimu kwa watu wanaorusha kwa mabega yao wenyewe. Ntandu akajibu kwamba adimu ni adimu, na vitabu vya udaktari havitaandikwa upya kwa ajili ya Kisaluu.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Leokadia zaidi. Mtu mbaya ungemtukana ukaenda zako. Mwaka ule kwelea walipoyamaliza mashamba yote ya uwanda, Ntandu alikuwa kijana, na alimzika mama yake na shangazi yake katika wiki moja. Alipozungumza kuhusu njaa hakuwa anasoma ripoti.

"Nikiwashusha leo kwenye madungu, Daktari, mwakani watakula nini?" aliuliza. "Nijibu wewe, mimi nitawashusha."

Leokadia alimwambia kwamba hajui. Ntandu akaahidi kwamba mavuno yakiisha ataleta wapasuaji kutoka Dodoma, wapasue kila bega linalohitaji kupasuliwa. Leokadia alimshukuru kwa sababu chai ilikuwa bado mezani. Alijua kwamba mavuno yakiisha wapasuaji hawatakuwa na cha kuokoa.

Akaenda kwa walinzi wenyewe. Aliwakuta wakati wa chakula, chini ya paa la mabati, akasimama mbele yao na kuanza kusema kuhusu mabega. Hakumaliza sentensi ya pili. Mabenchi yalikuwa yanaachwa wazi moja baada ya jingine, bila kelele, kama watu wanaotoka msibani. Mwanamke mmoja mtu mzima aliacha sahani yake ikiwa imejaa, ili Daktari apate kuelewa jinsi alivyokosea.

Yustina alibaki. Alimsaidia dada yake kukusanya sahani, maana mpishi naye alikuwa ameondoka.

"Hata kama ni kweli," Yustina alisema, "hapaumi. Kitu kisichouma nitaamini vipi kwamba kinaniua?"

Leokadia alisimama na sahani mikononi. Tangu aanze kazi alikuwa hajawahi kumchukia mgonjwa kwa kusema kweli, lakini siku ile alikaribia.

*

Mzee Mughwai aliishi nyuma ya mashine ya kusaga, na mkono wake wa kulia aliuweka ndani ya khanga ya marehemu mkewe iliyofungwa shingoni. Leokadia alimwamkia, akaitikiwa, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Aliomba ruhusa ya kulipiga picha bega lile, huku akijiandaa kukataliwa. Mzee alifungua khanga mwenyewe.

"Mimi si mlinzi tena," alisema. "Mkono huu siku hizi hauiti hata mbu."

Picha ilijitokeza kwenye kioo cha mkononi. Kichwa cha mfupa wa mkono, kile kinachozunguka ndani ya bega, hupaswa kuwa mviringo na laini kama mwisho wa mchi. Cha Mzee Mughwai kilikuwa kimebonyea juu kama kibuyu kilichoangushwa. Ule nao ulikuwa ugonjwa usioonekana kila siku, mfupa kufa kwa kukosa damu. Leokadia alimuuliza kuhusu dawa, na mzee akasema alikuwa na pumu tangu utotoni, na vidonge vya pumu alivila miaka mingi kama watoto wengine walavyo karanga. Ndivyo vilivyoufunga mlango wa damu kwenye mfupa.

"Ulianza kuuma lini?"

"Kabla sijaoa." Aliangalia picha ya bega lake kwa hamu, kama anayeonyeshwa nyumba aliyoishi gizani. "Pale juu palikuwa pananichoma. Nikaona nikianza kuinua bega, nikangoja kidogo, halafu nikaupitisha mkono kwa nyuma, napata nafuu. Nikazoea hivyo."

Kule kuinua bega, na kule kungoja, ndiko mafundi wa Bodi walikoita siri ya shabaha yake. Walikuwa wamekuchora kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Ilikuwa njia ya mtu mmoja ya kukwepa ugonjwa wake, na mabega mazima ya watu mia nne yalikuwa yamefundishwa kukwepa kitu ambacho hayakuwa nacho, mpaka neva zao zikasagika.

"Mafundi walipokuja, hawakukuuliza kama unaumwa?"

"Waliuliza," mzee alisema. "Tena walikuwa watu wa adabu. Lakini uwele ulikuwa na masuke."

"Ukawajibu nini?"

"Mkono upo."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuziona nakala. Mughwai alificha yake, na maradhi yakaenda kuumbua watu wengine.

Leokadia alizungumza haraka, ili asipate nafasi ya kuona haya. Alimwomba mzee ampe maumivu yake. Amrushie mara chache tu, amewekewa waya, ili maumivu yachorwe kama ulivyochorwa mwendo. Walinzi hawasikii la daktari, lakini mwili wao wenyewe watausikia. Ukipiga kelele watashuka madunguni, na wakishuka sasa mabega mengi bado yanaweza kuokolewa.

Mzee Mughwai alianza kujifunga khanga yake kwa mkono wa kushoto. "Nitakupa, mwanangu," alisema. "Ila usiyategemee sana."

Leokadia alikuwa ameshaanza kukunja vifaa vyake, na hakumuuliza kwa nini.

*

Fundi wa nakala aliitwa Sospeter, kijana mpole mwenye kucha safi, na yeye ndiye aliyeshiriki kuuchora mkono ule tangu mwanzo. Alieleza, bila kuona kosa lolote, kwamba siku ile maumivu yalikuja yamechanganyika na mwendo, nao wakayatoa kama unavyochambua mawe kwenye mchele. Hawakuyahifadhi. Nani ahifadhi mawe? Walidhani wanawafanyia walinzi hisani.

Walimwekea mzee waya, wakamsimamisha nyuma ya karakana, wakampa kombeo. Alirusha mara tatu. Uso ulimgeuka rangi ya majivu na jasho likamtiririka mpaka kidevuni, lakini mdomo wake haukufunguka. Sospeter alitazama mistari ikipanda kwenye kioo chake, akaacha kuitazama kabla haijashuka.

Kila Ijumaa alizipelekea nakala zote marekebisho madogo kwa njia ya hewa, kwa sababu upepo wa uwanda hubadilika na shabaha lazima ibadilike nao. Kuyatia maumivu ndani ya marekebisho kulikuwa kazi ya dakika chache. Kuing'oa nakala yenyewe kulihitaji kila mlinzi alazwe na kupasuliwa, na hilo bila amri ya Ntandu halikuwezekana. Sospeter alieleza hayo yote, kisha akaweka mikono yake mapajani.

"Kumtibu mtu aliyekataa ni kosa, Daktari, hata mimi najua," alisema. "Sasa kumuumiza mtu ambaye hujamwuliza kunaitwaje?"

Leokadia alikuwa amejiuliza swali hilo njia nzima akitoka kwa Mughwai. Kiapo chake kilianza na neno la kutomdhuru mgonjwa. Lakini angewaombaje ruhusa watu ambao kwao ni mwiko hata kusikia swali? Mwiko ule ulikuwa umefunga mdomo wa kulalamika, na kumbe ulikuwa umefunga pia mdomo wa kukubali na wa kukataa. Akikaa kimya, wataamka siku moja hawawezi kufungua mlango. Akifanya, atakuwa amewapiga watu mia nne kwa siku moja, na mmoja wao ni mdogo wake aliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Alimwonea Sospeter hasira kwa kuwa mpole, akamwonea hasira Yustina kwa kucheka, akajionea hasira mwenyewe.

Alitaka kwanza kujua atakachowapa. Sospeter alimbandika kiraka shingoni chenye nakala ya muda, akayaachia maumivu. Leokadia alikuwa ameshika kikombe. Alijaribu kukipeleka mdomoni, na kitu kikamchoma juu ya bega, kikashuka mpaka kwenye kucha, machozi yakamtoka kabla hajajua kwamba analia. Kikombe kilivunjika miguuni pake. Sospeter alibandua kiraka haraka, akamwomba radhi.

Leokadia alikuwa ameridhika. Kwa maumivu kama yale hakuna mtu angerusha hata kokoto. Hilo ndilo kosa alilolifanya, na lilikuwa kosa la mtu aliyepelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba, akawa anarudi Kisaluu wakati wa likizo tu, uwele ukiwa umeshavunwa. Hakuwahi kusimama juu ya dungu. Alilipima bega la kila mtu kwa bega lake.

"Yapeleke," alisema. "Wakiuliza, useme ni mimi."

*

Jumamosi alfajiri alisimama kando ya shamba na machela mbili, vitambaa vya kufungia mikono na wauguzi wawili ambao hakuwaambia kitu. Walinzi walipanda madunguni kama kawaida. Kutoka upande wa bwawa, wingu la kwanza likainuka.

Makombeo yalianza kuzunguka, na hapo hapo moja likadondoka, likaning'inia kwenye masuke. Likafuata jingine. Kwenye dungu la karibu Yustina alikunjika, mkono wa kulia ameukumbatia kwa wa kushoto, na shamba zima likawa kimya isipokuwa mvumo wa mabawa. Wingu lilishuka upande wa mashariki na uwele ukainama kwa uzito wa ndege.

"Shukeni," Leokadia alinong'ona. "Shukeni, tafadhali."

Hakushuka mtu. Yustina aliinuka polepole. Uso wake haukuwa na hofu. Ulikuwa na mshangao, kama wa mtu anayemtambua ndugu katikati ya umati. Aliinama, akachukua donge la udongo, akalitia kwenye kombeo. Bega likainuka, likangoja, na safari hii lilingoja mahali penyewe, kwa sababu palikuwa na sababu ya kungoja. Donge lilipasuka katikati ya wingu. Kwenye madungu mengine makombeo yalikuwa yanazunguka tena, moja baada ya jingine, mpaka yote, na shabaha ile ya ajabu ya jana ilikuwa mchezo ikilinganishwa na ya leo. Kwelea walitimka kutoka mashariki wakaacha uwele umesimama.

Leokadia alipanda ngazi ya dungu bila kuona anapokanyaga. Yustina alikuwa analia huku anarusha, wala hakujifuta.

"Yustina, shuka. Nakuomba."

"Kumbe mzee alikuwa anarusha na haya," Yustina alisema. Hakuyataja maumivu kwa jina. "Kila siku tulijiuliza kwa nini hatumfikii. Kumbe walitupa nusu." Akainama kuchukua donge jingine, na alipoinuka alitabasamu huku midomo inatetemeka. "Sasa wametupa yote, dada."

Leokadia alikimbia mpaka karakana. Sospeter alikuwa ameshajaribu kuyaondoa, na kioo chake kilikuwa kimefungwa. Ntandu alikuwa ameyaona madungu yalivyofanya kazi asubuhi ile, akauliza kuna nini ndani ya marekebisho ya wiki hii, akaambiwa ukweli wote. Sospeter alisema mkurugenzi alishika kichwa. Kisha akaamuru yasiguswe mpaka mavuno, na akaagiza Daktari apelekewe shukrani za Bodi.

*

Suke la mwisho la uwele liliingia ghalani, na ngoma ikapigwa kutangaza kwamba sasa mkono unaweza kutajwa. Zamani hiyo ilikuwa siku ya vichekesho. Walinzi walikunywa pombe ya uwele, na kila mmoja alitia chumvi kuhusu mateso ya mkono wake, na aliyedanganya vizuri zaidi alipewa kuku. Mwaka ule ghala lilijaa mpaka mlangoni, na hapakuwa na mtu atakayelala njaa katika uwanda wote. Lakini walinzi hawakwenda kwenye pombe. Walipanga foleni kwenye zahanati, foleni ikatoka mlangoni, ikapita mashine ya kusaga, ikalizunguka ghala.

Waliingia mmoja mmoja, wakavua mashati, wakasema lile neno ambalo Leokadia alikuwa amelisubiri msimu mzima. Uliuma. Uliuma wiki zote hizi. Uliuma nikashindwa kumbeba mtoto. Walilisema kwa raha, wengine wakicheka, kama watu waliotua mzigo. Alitia kidole gumba kwenye mashimo yao. Wachache, wale walioanza kazi karibuni, aliwaandikia kwenda Dodoma kupasuliwa. Waliobaki aliwaandikia mazoezi, ambayo yangewasaidia kama maji yanavyomsaidia aliyekwisha kuzama.

Yustina aliisubiri zamu yake kama wengine. Alipoingia alikaa kwenye kiti kilekile, akampa dada yake mgongo.

"Uliuma, dada," alisema. "Sasa naweza kusema. Uliuma sana."

"Ni mimi niliyekutia maumivu yale."

"Nilijua ni wewe." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Leokadia angeshukuru kama ingekuwapo. "Nani mwingine angedhani tutashuka?"

Leokadia alimwambia abane viwiko ubavuni na kusukuma kwa nje. Hakuuzuia mkono safari hii. Wa kushoto ulifunguka mpaka mwisho. Wa kulia ulibaki tumboni pale pale, na Yustina aliutazama kama anayemsubiri mtoto mkaidi.

"Mbona leo hauumi," alisema. "Tangu asubuhi hauumi hata kidogo. Si ndiyo umepona?"

Asubuhi ile Sospeter alikuwa amefunguliwa kioo chake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuyafuta maumivu kwenye nakala zote. Leokadia alikuwa na maneno ya kumweleza hayo. Alikuwa nayo pia maneno ya kuhusu nyama iliyogeuka mafuta. Alikuwa ameyasema tangu kulipokucha, kwa upole, mbele ya mabega ya watu wengine. Nje ya mlango foleni ilikuwa inasikiliza.

"Dada, nakuuliza kama daktari. Mkono vipi?"

"Mkono upo," Leokadia akamjibu.

Yustina aliitikia kwa kichwa, kama inavyopasa, akaanza kufunga vifungo vya blauzi yake kwa mkono wa kushoto.